Kwa Nini Gurumo Hakugeuka

Kuna nchi moja ambayo haimo kwenye ramani kwa sababu kamati ya kuichora bado inakutana. Mji wake mkuu unaitwa Mji Mkuu, jina lililochaguliwa ili kijiji chochote kisipate la kunung'unikia. Watu wake ni wapole, hupanga foleni hata pasipo na kinachogawiwa, na wote kwa pamoja wanapenda kitabu kimoja.

Kitabu hicho ni *Milango ya Moshi*, riwaya ya marehemu Hamadi Tindwa, yenye jitu, malkia, punda anayesema, na milango inayowafungukia waliokata tamaa tu. Katika nchi hiyo harusi haiwi harusi mpaka mtu asimame asome ukurasa wa kuondoka kwa jitu Gurumo. Anayeomba kazi serikalini, hata ya kufagia, huulizwa kwenye usaili: "Kwa nini Gurumo hakugeuka?" Asiyejua hurudi nyumbani na ufagio wake.

Jibu sahihi limo katika *Ufafanuzi Kamili wa Milango ya Moshi*, na aliyeuandika Ufafanuzi huo ni Bwana Athanasi Kilembwe, mkaguzi wa shule mstaafu, mwenyekiti wa Umoja wa Wapenzi wa Milango ya Moshi. Bwana Athanasi alikuwa mtu wa hakika. Katika kazi yake alikuwa ameona walimu wengi wakitokwa na machozi darasani kwa uzuri wa shairi ambalo hawakujua lina beti ngapi, na hakutaka kuwa mmoja wao. Yeye alikipenda kitabu kwa rula. Alijua upana wa kila mlango wa moshi, uzito wa taji la malkia, na umbali ambao punda angeweza kutembea bila maji huku akizungumza.

Lakini ukurasa wa kuondoka kwa Gurumo ulikuwa juu ya yote, na aliutengea buku zima la Ufafanuzi. Ukurasa wenyewe, jinsi alivyoukuta katika nakala ya maktaba ya wilaya yake, uliishia hivi:

"Gurumo alijaza mtungi. Alikaza bawaba ya mlango iliyokuwa ikilia. Kisha akavua viatu vyake, vikubwa kama vihori vya kunyweshea ng'ombe, akavishika mkononi, akavuka kizingiti kwa ncha za vidole. Malkia alikuwa macho. Hakusema kitu. Gurumo akaenda, wala hakugeuka."

Bwana Athanasi alikuwa amethibitisha, kwa hoja zisizojibika, kwamba mtungi ni hazina ya taifa, bawaba ni katiba, na viatu mkononi ni unyenyekevu wa nguvu mbele ya dola. Alikuwa amegundua pia jambo ambalo wengine hawakuliona: katika ukurasa ule, na ule peke yake, herufi m ilikuwa inaruka kidogo juu ya mstari. Ufafanuzi ulieleza kwamba hiyo ni hatua ya jitu. Ardhi inatikisika na herufi zinarushwa. Na kuhusu kutogeuka, aliandika sura ndefu kuliko zote, ambayo muhtasari wake watoto wa shule waliukariri: anayegeuka huondoka nusu, na jitu haliwezi kufanya jambo nusu.

Sura hiyo aliiandika sebuleni kwake, huku akimsomea mkewe, Bi Pelagia, mkunga mstaafu wa hospitali ya wilaya, ambaye kwa kawaida alikuwa anachambua mchele.

"Mama Dafrosa, sikiliza huyu mtu alivyokuwa fundi."

"Nasikiliza."

"'Malkia alikuwa macho.' Basi. Hasemi kwa nini yuko macho."

"Pengine hakupata usingizi."

"Hapana. Hilo ni taifa lililo macho."

"Haya," alisema Bi Pelagia, akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

Hapa msomaji wa nchi nyingine anahitaji kuelezwa jambo. *Milango ya Moshi* ilitolewa mara moja tu, kwa taipureta za serikali na mashine ya kurudufia. Baada ya hapo mashine hiyo ilihamishiwa kwenye kazi ya kutoa picha za Mlezi wa Taifa na haijarudi. Kila wilaya ilipata nakala moja ya maktaba, na nakala moja ilipelekwa Ikulu. Kwa kuwa hapakuwa na nyingine, ilitungwa Sheria ya Kurasa, isemayo kwamba mwazimaji atakayeharibu ukurasa ataurudishia mwenyewe kwa kukumbuka, kwa taipureta ya serikali, "ukiwa sawa au bora zaidi." Mkutubi huushona ukurasa mpya mahali pa ule wa zamani, na maisha yanaendelea. Bwana Athanasi aliisifu sana sheria hiyo katika utangulizi wa Ufafanuzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuharibu ukurasa wowote, na aliamini kwamba watu wanaopenda kitabu hukikumbuka.

*

Ndipo serikali ilipoamua kutengeneza filamu.

Tangazo lilitolewa na Waziri wa Hadithi na Hali ya Hewa, Mheshimiwa Sosipeta Mbaruti. Katika nchi hiyo mambo haya mawili yako chini ya wizara moja kwa sababu yote hutangazwa kila siku na hakuna anayewajibishwa yasipotokea.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Waziri siku ya uzinduzi, "leo tunafungua mlango. Na mlango ukishafunguliwa, umefunguliwa. Serikali yenu sikivu imeliona jambo hili, na baada ya kuliona imeridhika kwamba imeliona. Filamu hii imetengenezwa na kijana wetu, binti Winfrida Chogo, ambaye tulimwambia neno moja tu: fuata kitabu. Naye ametuahidi kwamba amekifuata."

Ukumbi wa Taifa ulijaa. Wapenzi wa kitabu walikuja wamejipaka majivu usoni, kama desturi yao inavyotaka, na wajumbe wa wilaya walivaa mikia ya punda. Bwana Athanasi hakujipaka kitu. Alivaa suti yake ya ukaguzi, akakaa mstari wa mbele na Bi Pelagia, na buku la Gurumo mapajani.

Mambo yalianza kuharibika mapema. Punda alitokea, akachafua zulia la malkia, akatoka. Ukumbi ulisubiri arudi aseme neno. Mjumbe mmoja wa kusini alisimama na mkia wake akauliza kwa adabu, "Jamani, punda anasema lini?" Akaambiwa akae. Malkia alikuwa mfupi. Milango ya moshi ilikuwa milango ya mbao yenye moshi nyuma yake, kama ya jikoni. Bwana Athanasi aliyavumilia hayo yote, kwa sababu alikuwa anasubiri mtungi.

Mtungi haukuja. Jitu liliamka, likajinyoosha mpaka likagusa dari, likasema, "Haya, naenda," likatoka. Kilichofuata kilikuwa malkia mezani.

"Amekwenda?" Bi Pelagia alinong'ona.

"Hawezi kuwa amekwenda."

"Amekwenda, Baba Dafrosa. Angalia, mwenzake anakula viazi."

Bwana Athanasi alifungua buku lake gizani, asiweze kusoma kitu, akalifunga. Taa zilipowashwa majivu kwenye nyuso za watu yalikuwa na michirizi ya machozi. Walitoka kimya, kama watu wanaotoka kutambua maiti.

Asubuhi yake ofisi hazikufunguliwa. Wizara ilisoma taarifa yake redioni: masikitiko makubwa mashariki, yakielekea nyanda za juu, na uwezekano wa hasira za hapa na pale wakati wa mchana. Jioni Mheshimiwa Waziri alizungumza mwenyewe. Alisema yeye alivunjika moyo kabla ya mwananchi mwingine yeyote, kwa kweli alivunjika moyo hata kabla filamu haijaanza kutengenezwa, ila protokali haikumruhusu kuonyesha.

Umoja wa Wapenzi ulikutana kukusanya malalamiko. Bwana Athanasi aliendesha kikao kwa utaratibu, lakini utaratibu ulimshinda. Wajumbe wa kaskazini walilalamika kwamba mchawi mwenye vichwa viwili ameondolewa. Wa mashariki walisema hawajawahi kumsikia mchawi huyo, ila kule kwao kila mtu anajua kwamba malkia ni pacha, na filamu imemficha dada yake. Wa nyanda za juu walidai sura ya mwisho, ile ya ndoa ya punda, imekatwa yote.

"Ndoa ya nani?" aliuliza Bwana Athanasi.

"Ya punda, Mwenyekiti. Anamuoa mwalimu."

"Hiyo haimo kitabuni."

"Kitabuni kwenu."

Bwana Athanasi aliandika pembeni kwamba usomaji makini umeshuka sana mikoani, akapitisha lalamiko moja ambalo wote walikubaliana nalo, la Gurumo. Hata wajumbe ambao katika nakala zao jitu linaondoka kwa kupaa walikubali, kwa kuwa Ufafanuzi ulikuwa umefika kila shule na kuwasahihisha.

*

Serikali iliunda Tume ya Kuchunguza Kuvunjika Moyo kwa Taifa, chini ya Jaji Mstaafu Lwitiko, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Tume ilikaa jukwaani Ukumbi wa Taifa, mbele ya pazia lile lile la filamu, na wa kwanza kuitwa alikuwa Winfrida Chogo. Alikuwa msichana mwembamba, mkavu wa maneno.

"Uliambiwa ufuate kitabu," alisema Jaji.

"Nilifuata kitabu, Mheshimiwa."

"Kitabu kipi?"

"Cha Ikulu. Kile kilichomo kwenye kabati la kioo."

Kila mtu alikijua kitabu hicho. Wageni wa nje huonyeshwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kinafunguka.

"Kilikuwa katika hali gani?"

"Kizuri. Hakuna aliyekuwa amekifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana, nikawa nazitenganisha kwa kisu cha siagi."

"Na punda hasemi?"

"Hasemi, Mheshimiwa. Anachafua zulia ukurasa wa mwanzo, halafu hatajwi tena mpaka mwisho."

"Mchawi?"

"Hakuna mchawi."

Minong'ono ilipita upande wa kaskazini.

"Tueleze kuondoka kwa Gurumo."

"Ni sentensi moja. 'Kesho yake Gurumo akaenda zake.' Lile neno 'haya' nililiongeza mimi. Niliona sentensi ina ukavu kidogo bila hilo."

Jaji Lwitiko alifikiri kwa muda mrefu, akatoa hoja ambayo magazeti yaliichapa kwa herufi nzito. Kitabu cha Ikulu hakiwezi kukosea, kwa kuwa ni cha Ikulu. Wananchi hawawezi kukosea, kwa kuwa katiba inasema hivyo. Filamu inatofautiana na wananchi. Basi aliyebaki kukosea ni binti.

"Lakini mimi nimefuata cha Ikulu," alisema Winfrida.

"Hilo ndilo linaloitia Tume wasiwasi. Umekifuata mpaka umekifikisha mahali ambapo hakikukusudiwa kufika."

Adhabu ya kupotosha hadithi ya taifa ilikuwa inajulikana. Mkosaji hupelekwa maisha kwenye kituo cha hali ya hewa cha Mlima Baridi, kupima mvua, mahali ambapo mvua hainyeshi. Lakini sheria ilitaka jambo moja kwanza: mtaalamu aape mbele ya Tume kwamba kilichoachwa na mpotoshaji kiliandikwa kweli na mwandishi mwenyewe. Mtaalamu alikuwa mmoja tu. Bwana Athanasi aliombwa kufika kesho yake na Ufafanuzi wake wote.

*

Alasiri hiyo alikuwa anapiga pasi suti. Bi Pelagia aliingia, akaketi kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakulifanya isipokuwa kuna habari ya msiba.

"Kesho utaapa nini?"

"Kwamba ukurasa ule ni wa Tindwa. Ni jambo fupi."

"Na yule binti?"

"Sina kinyongo naye. Ukweli ukisemwa, mengine ni ya Tume."

"Nilimzalisha mimi yule. Alitangulia miguu. Tangu hapo nilijua ataleta usumbufu." Bi Pelagia alitazama mikono yake. "Usiape, Baba Dafrosa."

"Kwa nini nisiape?"

"Ukurasa ule niliwashia mkaa."

Bwana Athanasi aliinua pasi, akaiweka mahali pake salama. Hata wakati huo alikumbuka kufanya hivyo.

"Ukurasa upi?"

"Wa Gurumo. Ulikuwa umekiazima kitabu, umekwenda ukaguzi. Mvua ilikuwa inanyesha, mafuta ya taa hakuna, makuti yamelowa, na mimi nina mimba ya Dafrosa nataka chai. Kitabu kilikuwa karibu. Nilichana ukurasa wa katikati, nikijua watu husoma mwanzo na mwisho."

"Ukaurudishia."

"Sheria si ilisema turudishie. Nilikwenda na kitabu wodini, nikautaipu mwingine kwenye ile taipureta ya wodi ya wazazi. Ile iliyoanguka ikawa herufi m inaruka."

Bwana Athanasi alikaa. Alikaa juu ya suruali ya suti.

"Ulikuwa na kumbukumbu nzuri," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemwokoa mtu mwingine majini. "Uliukumbuka sawasawa. Maneno ni ya Tindwa, mkono ndio wako."

"Nilikuwa sijaufikia."

"Nini?"

"Ukurasa. Nilikuwa bado kule kwenye mlango wa kwanza. Kitabu chenyewe kilikuwa kinanichosha. Niliangalia ukurasa wa nyuma, jitu lipo. Nikaangalia wa mbele, jitu halipo. Nikaona basi, kazi yangu ni kuliondoa."

"Mtungi?"

"Wangu."

"Bawaba?"

"Ya mlango wetu wa uani. Umesahau ilivyokuwa inalia?"

Bwana Athanasi alitaka kuuliza kuhusu viatu, akaogopa. Katika miaka yote ya kazi alikuwa amewauliza walimu maswali ambayo jibu lake alilijua. Hili nalo lilianza kuwa la aina hiyo.

"Mama Dafrosa. Nimekusomea ukurasa huu sebuleni humu. Nimekuambia mwandishi alikuwa fundi."

"Na mimi nilikubali."

"Hukusema kitu."

"Ulikuwa na raha. Halafu ulipofika kwenye katiba nikaona nimechelewa."

*

Bwana Athanasi alikwenda kwenye Tume na suti yenye mikunjo, jambo lililoandikwa gazetini. Ufafanuzi ulipangwa mezani mbele yake, buku juu ya buku, mpaka wajumbe wa mwisho wakawa wanamwona nywele tu. Ukumbi ulijaa watu wenye majivu. Winfrida Chogo alikuwa kando, na koti zito miguuni. Mtu alikuwa amemshauri ajiandae kwa Mlima Baridi.

Njiani Bwana Athanasi alikuwa amelipima jambo kwa utaratibu wake wa kawaida. Upande mmoja kulikuwa na kazi ya maisha yake, jina lake, na watu wengi ambao wangeumia. Upande wa pili kulikuwa na mkaa. Alitafuta namna ya kusema ambayo ingekuwa kweli na isiwe na mkaa ndani yake, asiipate. Aliwahi kumshusha cheo mwalimu mkuu mmoja kwa kukadiria idadi ya madawati.

"Bwana Kilembwe," alisema Jaji Lwitiko, "unaapa kwamba ukurasa wa kuondoka kwa Gurumo uliandikwa na Hamadi Tindwa?"

"Siapi, Mheshimiwa. Haukuandikwa na Tindwa."

Sauti iliyotoka ukumbini haikuwa ya hasira. Ilikuwa kama ya watu waliokanyaga ngazi ambayo haipo.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nimekuwa nikiishi na mwandishi."

Akaeleza. Alieleza yote kwa mpangilio, mvua, makuti, mimba, taipureta ya wodi, bila kupunguza na bila kujitetea. Alipofika kwenye herufi m alifungua Ufafanuzi akausoma kwa sauti: "'Ardhi inatikisika na herufi zinarushwa.'" Mtu mmoja nyuma alicheka peke yake, akanyamaza, halafu wengine wakaanza, na Bwana Athanasi akasubiri wamalize, kama alivyozoea kusubiri darasa.

"Ninaomba isahihishwe," alisema. "Taipureta ilianguka."

Kisha mjumbe wa kusini, mwalimu mkuu mnene, alisimama taratibu huku ameshika mkia wake.

"Mheshimiwa, punda ni wangu."

"Punda yupi?"

"Alikuwa hasemi. Mtoto alimwaga uji kwenye kurasa kadhaa. Nilipozirudishia nikaona heri aseme."

"Mchawi ni wa marehemu mama," alisema mwingine upande wa kaskazini, karibu na kulia. "Alisema kitabu kisicho na mchawi hakimfundishi mtu."

Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wa pacha, wa ndoa ya punda, wa jitu linalopaa. Mkutubi mmoja mzee alikiri kwamba katika nakala ya wilaya yake ukurasa wa asili uliobaki ni ule wenye jina la kitabu, na hata huo ana wasiwasi nao. Mheshimiwa Waziri alipoona jinsi mambo yanavyokwenda aliomba nafasi, akatangaza kwamba yeye alirudishia kurasa kabla ya mwananchi mwingine yeyote, hata kabla ya kuziharibu.

Jaji Lwitiko aliagiza Sheria ya Kurasa iletwe. Ililetwa. Sheria hiyo nayo ilikuwa imeazimwa mara nyingi, na ukurasa wake wa kati ulieleza namna ya kupika maandazi yasiyonyonya mafuta. Lakini kifungu chenyewe kilikuwepo: sawa au bora zaidi. Tume ilirudi faragha na sheria, ikakaa huko mpaka harufu ya maandazi ilipofika ukumbini, ikatoka na uamuzi.

Wananchi walikuwa na ruhusa ya kurudishia kurasa, na walizirudishia. Kitabu cha taifa ni kile walicho nacho wananchi. Nakala ya Ikulu, ambayo haina hata ukurasa mmoja uliorudishiwa, imeachwa nyuma na maendeleo, na inapaswa kuazimishwa haraka ili nayo ishiriki. Binti Winfrida Chogo hana hatia ya kupotosha *Milango ya Moshi*, kwa sababu hakuigusa. Yeye ametengeneza filamu ya kitabu kingine kabisa, cha mwandishi asiyefahamika aitwaye Hamadi Tindwa.

Winfrida aliokota koti lake. Alipopita mbele ya meza ya Bwana Athanasi alisimama kidogo.

"Mzee, ule wa viatu mkononi ni mzuri sana," alisema. "Ningekuwa nao ningeupiga picha."

"Haukuwemo kitabuni," alijibu Bwana Athanasi. "Ulifanya sawa."

Umoja wa Wapenzi ulimvua uenyekiti jioni hiyo hiyo kwa kosa la kutomjua mwandishi, ukamchagua Bi Pelagia bila yeye kuwepo. Alituma majibu kwamba kitabu bado kinamchosha.

*

Bwana Athanasi alimkuta mkewe uani, amekaa kwenye kigoda, anapepea jiko la mkaa. Habari zilikuwa zimemtangulia. Jirani zake wawili walikuwa wameshachungulia juu ya ukuta kuona sura ya mwandishi.

"Umerudi, Mkaguzi."

"Nimerudi."

"Binti je?"

"Ameachiwa. Koti ilibidi alirudishe kwa aliyemwazima."

Alileta kiti akakaa upande wa pili wa jiko. Alivua viatu. Alivitazama pale chini, viatu vyake vya ukaguzi, vikubwa kwa mtu wa kimo chake, akakumbuka kwamba gari la ukaguzi lilikuwa linapita alfajiri, na mlango wa uani ulikuwa unalia, na mkewe alikuwa anatoka zamu amechoka. Alikuwa akijaza mtungi kwa sababu bomba la nje lilikuwa mbali kwa mtu mwenye mimba. Alikuwa akivaa viatu barabarani.

"Nilidhani umelala," alisema.

"Nani alale na bomba linavyonguruma. Mtu mzima unatembea kwa vidole kama mwizi wa kuku."

"Niliandika kwamba ni unyenyekevu wa nguvu mbele ya dola."

"Ulisoma kwa sauti. Niliangusha ungo siku ile, ukadhani ni uchungu wa mgongo."

Mkaa ulishika. Bi Pelagia aliweka birika. Bwana Athanasi alikuwa na swali moja lililobaki, ambalo nchi nzima ilikuwa imeliuliza kwenye usaili, na ambalo yeye alikuwa amelijibu kwa sura ndefu kuliko zote. Aliliuliza kama mtu anayeomba kazi.

"Kwa nini hakugeuka?"

"Nani?"

"Gurumo."

Bi Pelagia alimtazama kuona kama anafanya mzaha, akaona hafanyi.

"Ukurasa ulikwisha," alisema. "Nilikuwa na karatasi moja, na ukurasa unaofuata malkia yuko mezani anakula. Ilibidi niishie pale pale."

Bwana Athanasi alikubali kwa kichwa. Ulikuwa ukweli, na ulikuwa mfupi.

"Wewe ulikuwa unageuka," alisema mkewe, akaendelea kupepea. "Pale penye kona ya kinu, kila mara. Nilikuwa nakuona dirishani. Ila haikutosha kwenye karatasi."